Pampasi za Wayahudi

Shangazi kanitumia sauti ya dakika nne kwenye kundi la ukoo, watu wote wanasikiliza. "Mwanangu, ndiyo Marekani hiyo? Kwenda kupewa pampasi na Wayahudi?" Kosa langu lilikuwa picha. Nilikipiga picha kifurushi cha pampasi kilichokuwa mezani nikaituma kwa furaha, nikasahau kwamba kwetu anayepewa kitu na mtu asiye wa kwao ni fukara.

Shangazi, nakujibu hapa ili wengine nao wasome.

Dada yangu alijifungulia kwetu Tanga, Ngamiani. Arobaini nzima hakushika ufagio. Alikandwa kwa maji ya moto, akanywa uji wa pilipili manga mpaka akaukimbia, na mtoto alimwona wakati wa kunyonyesha tu. Kuna aliyelipwa? Mimi hapa Ohio niliruhusiwa hospitali siku ya pili. Mume wangu alikuwa na lori Nebraska. Nikapandisha ngazi hadi ghorofa ya tatu, mtoto mkono huu, kiti chake cha gari mkono huu.

Na likizo? Aliyeajiriwa Tanzania anazijua siku zake 84, na 100 akijaliwa pacha, na mshahara unaingia. Huku sheria ya nchi nzima, ya mwaka 1993, inakulindia kazi wiki 12 bila senti. Hata hizo unazipata ukiwa umetimiza miezi 12 kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi. Mimi nilikuwa na miezi tisa. Nimerudi kugeuza wazee wa watu vitandani kabla ya arobaini yangu.

Sasa pampasi. Msaada wa serikali wa chakula haununui pampasi. Mkisema nitumie nepi za kitambaa kama nyie mlivyotulea, kituo ninakomwacha mtoto hawazitaki, na mashine ya kufulia chini ya jengo inakula sarafu kila ukiigusa. Hela ya kituo kwa mwezi sitaitaja, mama asije akaanguka.

Wiki ya tatu nilijikuta nimekaa sakafuni bafuni, nalia na sijui nalilia nini. Nesi wa kliniki akanipa karatasi ya maswali 10 ya kupima huzuni ya uzazi, akaisoma, akavuta kiti. Akaniambia nipige 211, namba ya kuelekezwa penye misaada. Kuna simu ya dharura ya 911 mnayoiona kwenye sinema. Hii ya 211 ni ya mtu ambaye nyumba haiungui ila yeye anaungua. Wao ndio walionielekeza kwenye shirika la Kiyahudi la familia.

Nilikwenda na hijabu yangu, nimejiandaa kwa swali la dini. Likaja swali la saizi ya mtoto.

Jengo lenyewe ni moja tu. Chumba hiki rafu za pampasi, kile mwanamume wa makamo anafundishwa kuandika barua ya kuomba kazi, mbele zaidi kuna viti vimepangwa duara kwa waliofiwa. Jikoni wanapakia vyakula vya wazee. Yaani mkunga, somo, jirani na mwenyekiti wa mazishi wote wamewekwa chini ya paa moja wakapewa vitambulisho vya shingoni. Bibi mmoja anayejitolea pale aliniambia babu yake aliposhuka melini hakujua neno la Kiingereza, na watu wa namna hii ndio waliompokea. Mashirika haya ni ya siku nyingi. HIAS, shirika la Kiyahudi la kusaidia wahamiaji lililoanzia New York, lina zaidi ya miaka mia, tangu enzi Wayahudi walipokuwa wanakimbia mauaji Urusi.

Msidhani ni peponi. Fomu kurasa sita. Mshauri wa kuzungumza naye nilimsubiri wiki tatu, na wakati huo mtu analia tu. Pampasi ni 50 kwa mwezi; mtoto anamaliza nane kwa siku, pigeni hesabu. Ila mshauri nilimlipa dola tano, kwa kuwa walitazama hati ya mshahara wangu kwanza. Kwa hiyo wewe unayejiandaa kuja, makaratasi ya mshahara usitupe. Na ukiwa na ujauzito, hesabu miezi yako ya kazi kabla hujajisifu umepata ajira.

Kuna kikongwe ghorofa ya chini, mwanawe yuko California. Mchana shirika hilohilo linamletea chakula, na mleta chakula hubisha hodi mpaka ajibiwe. Nilidhani ni adabu. Kumbe ndiyo namna ya kujua kama bado yu hai. Nilisimama kwenye ngazi nikamkumbuka mama, na mimi ninayelipwa kuwaosha mama za wengine.

Haya yote nilimweleza shangazi kwa simu jana, si kwenye kundi. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akashusha sauti.

"Hao Wayahudi wako, Tanga hawana tawi? Maana mama yako siku hizi hageuki kitandani peke yake, na mimi kiuno kimenishinda."