Ilani ya serikali ndogo: andika kifungu, si kauli

Kwa chama kinachotaka serikali isiyoingilia mambo mengi, "Tutapunguza urasimu" si ahadi. Ilani itaje sheria na kifungu cha kufutwa, taasisi inayohusika, na pengo la mapato litazibwa na nini ada zikiondoka. Hapo kwenye pengo ndipo mambo huharibika: taasisi inayoishi kwa ada, ukiifutia kibali kimoja itabuni kingine. Mwaka 2019, hapa Tanzania, usimamizi wa chakula ulitoka TFDA (mamlaka ya chakula na dawa) ukaenda TBS (shirika la viwango), TFDA ikawa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Sawa, lakini huko ni kuhamisha, si kufuta.

Mimi ningeandika hivi: kila kibali kiishi miaka 5, Bunge lisipokihuisha kife chenyewe. Ombi lisilojibiwa ndani ya siku 14 lihesabiwe limekubaliwa, isipokuwa dawa, umeme na ghorofa. Kwa ghorofa, jengo lililoporomoka Kariakoo Novemba 2024 ni sababu tosha.