Siku yangu ICU: pumzi thelathini za kitanda cha nne

Saa 1:15 asubuhi. Nafika ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, na chai ya tangawizi ambayo najua itapoa. Mimi ni mfiziotherapia, hospitali moja ya Dar es Salaam. Kwanza chati za usiku. Kitanda cha pili kapata homa ya 39, huyo leo hafanyi mazoezi.

Saa 2:40. Raundi imekwisha. Daktari wa usingizi anataka kitanda cha nne aendelee kuachishwa mashine. Ndivyo tunavyosema, kuachishwa, kama mtoto na ziwa, na vilio vyake ni vilevile.

Ni mama lishe, siku ya 19 kwenye mashine ya kupumulia kwa homa ya mapafu. Mapafu yamesafika, nguvu ndiyo haipo. Utafiti wa Marekani wa 2008 ulikuta nyuzi za kiwambo, ule msuli mkubwa chini ya mapafu, zimekonda zaidi ya nusu baada ya saa 18 hadi 69 tu za mashine kufanya kazi yote.

Saa 3:30. "Shikamoo mama." Midomo inasema marahaba bila sauti, maana bomba liko shingoni. Namkalisha, sista anamvuta makohozi. Napima nguvu ya kuvuta pumzi: sentimita 24 za maji, yaani mvuto wa kupandisha maji kwenye mrija hadi kimo hicho. Nusu yake ni 12, basi nakaza springi ya kifaa cha mazoezi ya pumzi hadi 12 na kukichomeka kwenye bomba. Ni kijibomba cha plastiki chenye kilango kisichofunguka mpaka uvute kweli.

Pumzi ya kwanza, kimya. Mabega yanapanda, shingo inakakamaa. Ya pili, pssss, kimefunguka. Anavuta sita, namrudisha kwenye mashine apumzike dakika moja, kisha sita nyingine. Mizunguko mitano. Wa nne jasho linamtoka puani. Hapo kishawishi cha kuongeza ugumu wa springi ni kikubwa. Mwaka jana niliongeza haraka, mgonjwa wangu akashindwa hata kukaa kitandani siku mbili. Siku hizi naongeza sentimita moja tu.

Saa 5. Binti yake ananiuliza, "Kaka, mbona mnamtesa?" Nampa glasi ya maji na mrija. Namwambia ashike mdomo sentimita 12 juu ya maji, avute. Maji yanapanda kirahisi. "Sasa fanya hivyo mara thelathini, na umelala wiki tatu." Akacheka kidogo, akaacha kuuliza.

Saa 7. Wali maharage, umesimama.

Saa 8 mchana. Jaribio: tunamtoa mashine, apumue mwenyewe kwa oksijeni tu, dakika 30. Dakika ya 10, pumzi 24 kwa dakika. Ya 20, ni 29. Ya 26, ni 36, na tumbo linaingia ndani kila kifua kinapopanda. Hilo sihitaji mashine kuniambia, kiwambo kimechoka. Namrudisha.

Kakasirika. Anaomba ubao, anaandika kwa mkono unaotetemeka: BADO.

Saa 9:45. Nakabidhi zamu: usiku mashine ifanye kazi yote, mama alale. Sista anasoma ubao. "Bado hawezi?"

"Bado hajachoka," binti anamkatiza. "Mimi namjua mama yangu."

Nikaandika kwenye chati: kesho 13.