Kadi ya Kigiriki

Kila king'amuzi kinapogoma pale kibanda umiza chetu Temeke, kuna jamaa lazima aulize: kwani kadi ya nchi nyingine haiwezekani? Mimi humsimulia ya Karen Murphy.

Huyu mama alikuwa na baa Portsmouth, Uingereza. Akaona Sky, televisheni ya kulipia ya kule, ni ghali, akafunga king'amuzi cha Ugiriki na kuonyesha Ligi Kuu kwa bei poa. Akashtakiwa, faini na gharama zikafika karibu pauni 8,000. Akakaza. Tarehe 4 Oktoba 2011, Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema kumkataza mwenye haki za kurusha mechi Ugiriki kuuza kadi nje ya nchi yake ni kuvunja sheria ya ushindani. Februari 2012 hatia yake ikafutwa London.

Utamu uko hapa: mahakama ilisema mechi yenyewe haina hakimiliki, kwani si utunzi wa mtu (kwa mabeki wa timu yangu, nakubali kabisa). Ila wimbo wa ligi na nembo vinayo, na kuvionyesha baa kunataka ruhusa.

Na lile ni soko la Ulaya, Temeke hatumo. Nikifika hapo jamaa huguna, anarudi kukigongagonga king'amuzi.