Nimerudi kutoka kwa bibi, Makete

Nimerudi juzi kutoka kijijini kwa bibi, juu kabisa kule Makete, mkoani Njombe, na sweta langu bado linanuka moshi wa kuni.

Kutoka Chimala unapanda kona 57 mpaka Matamba, halafu bodaboda, halafu miguu. Jirani yake ni uwanda wa Kitulo, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Wenyeji hupaita Bustani ya Mungu kwa yale maua ya masika, na kweli panapendeza jamani. Ila mimi nilikwenda mwezi wa saba. Alfajiri nilikuta maji ya ndoo yametanda barafu nyembamba kama kioo. Bibi akaipasua kwa kikombe, akanawa uso, akachukua jembe lake.

Kinachoniuma ni viazi. Mvua zikikolea lori halipandi, magunia yanalala kando ya njia yamefunikwa nyasi. Mnunuzi akifika anataka lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, kwa bei ya gunia moja. Nikamuuliza bibi kwa nini anakubali.

"Mjukuu wangu, huyu akiondoka, mwingine atakuja lini?"

Sikuwa na jibu. Nilimsaidia kushona gunia, kamba ikanichana vidole.

Mtandao unashika kilimani tu, mwendo wa nusu saa. Jana jioni alipanda huko, na fimbo yake, kuniuliza kama nimefika salama. Nilikuwa nasikia upepo kuliko sauti yake.