CDI ya swichi iliyokuwa inajibadilisha yenyewe mlimani

Pikipiki yangu ya porini nimeifunga CDI (kifaa cha umeme kinachoamua plagi itoe cheche wakati gani) ya kubadilishia, yenye mipangilio miwili ya cheche: waya wa swichi ukigusa ethi (chuma cha fremu) inachukua mpangilio mkali, unaowahisha cheche, ukiachwa wazi inabaki kwenye ule wa pole. Sasa swichi iko kwenye pole, lakini mlimani injini inagonga kama kokoto ndani ya debe, hasa nikikata kona. Kona! Hapo ndipo nilipoacha kushuku petroli na kabureta.

Nilichomoa swichi na soketi ya CDI, nikaweka mita kati ya waya huo na fremu, nikazungusha usukani. Ukinyooka, kimya, ukienda kushoto, mita inalia. Ganda la waya lilisagika shingoni, pale usukani unapozungukia, shaba ikawa inagusa chuma. Cheche inawahi mno wakati injini inazunguka polepole na imelemewa, mgandamizo unapanda kabla pistoni haijafika juu. Lazima igonge.

Nililehemu kipande kipya, nikakivika mpira wa kusinyaa kwa moto, nikakipitisha mbali na shingo na kuacha ulegevu wa kutosha. Mlima uleule, haigongi tena. Mpangilio mkali nauwasha kwenye tambarare tu.