Nilivyovifikisha vimeng'enya vya ngege maabara vikiwa vizima

Karibu kila niliyemwuliza namna ya kuhifadhi sampuli za samaki hadi maabara alinijibu, "Tia nyama ya samaki kwenye spiriti, basi." Hilo linamfaa anayesoma DNA. Mimi nilitafuta vimeng'enya, na kimeng'enya ni protini: spiriti ikikigusa kinaharibika, na jeli, ule utando laini unaotenganisha protini kwa umeme, haikuonyeshi kitu. Inaniudhi kwamba wanafunzi bado wanaambiwa hivyo.

Samaki wangu walitoka Ziwa Kanyaboli, Siaya. Huko ngege wa asili, Oreochromis esculentus, bado yupo, maana kinamasi cha Yala na mafunjo yake vimelitenga ziwa hilo na Victoria, ambako sangara na sato waliopandikizwa kuanzia miaka ya 1950 wamemmaliza karibu kabisa. Lakini sato ameingia Kanyaboli pia, na huzaliana na ngege. Chotara wao humtambui kwa macho ukawa na uhakika; ndiyo maana nilihitaji vimeng'enya.

Adui alikuwa joto. Naitrojeni ya kimiminika ningeitoa wapi? Na barafu tupu ikishaanza kuyeyuka haishuki chini ya nyuzi 0. Aliyeniokoa ni mama mmoja mchuuzi wa samaki. "Mwanangu, iponde hiyo barafu, uichanganye na chumvi ya mawe." Chumvi huiyeyusha barafu, na barafu ikiyeyuka hufyonza joto, hivyo mchanganyiko wote unashuka nyuzi nyingi chini ya sifuri. Nikafunga nyama, ini na jicho mbalimbali, kwa sababu vimeng'enya vya nyama si vyote utakavyovikuta kwenye ini, nikavizamisha humo, kisha kasha nikalizungushia maranda ya mbao na gunia. Tulifika vipande vikiwa vigumu kama mawe! Barafu na chumvi vilinigharimu shilingi mia chache tu.

Maabara, jeli ya wanga nayo hupata joto kwa mkondo wa umeme, kwa hiyo juu ya kioo kinachoifunika weka trei ya barafu. Rangi inayoonyesha vimeng'enya kama mistari imwage gizani. Kwa kimeng'enya kiitwacho GPI, samaki mwenye aleli mbili tofauti (yaani matoleo mawili ya jeni moja), kama chotara anavyoweza kuwa, hutoa mistari mitatu, wa katikati umekolea zaidi, kwa kuwa kimeng'enya hicho ni vipande viwili vilivyoungana. PGM, kimeng'enya kingine, ni kipande kimoja, hutoa miwili tu. Ile mitatu ya zambarau ilipojitokeza nilipiga kelele maabara nzima ikageuka.

Ila usimwite samaki chotara kwa kimeng'enya kimoja. Linganisha kadhaa, na kwenye kila jeli weka ngege na sato wasio na shaka kando ya hao unaowachunguza.