Nilivyomnasa aliyekuwa anasoma WhatsApp yangu

Kila mtu aliniambia niachane na mtandao. Dada, mchungaji, hata kijana wa mizani pale soko la Mwaloni. Niachane nao nile nini? Nauza dagaa Kirumba, Mwanza, na namba yangu imeandikwa kwa makapeni kwenye kila gunia linalotoka kwangu. Kuna mama wa Goma sijawahi kumwona uso, huu mwaka wa tatu tunafanya biashara kwa sauti za WhatsApp tu.

Shida ilikuwa mwanaume niliyeachana naye. Alijua kila kitu. Nikiahidi mzigo Geita, jioni naletewa ujumbe: "Geita utalala wapi, na nani?" Shangazi akasema huyo kaenda kwa mganga, nikaogeshwe. Mimi nikamshuku binti anayenisaidia kuanika. Nikawa namfokea bila sababu, namficha bei, mwisho nikamwambia akapumzike wiki mbili.

Fundi simu mmoja mjini aliishika simu dakika tano, akala elfu ishirini na kitu, akasema tatizo ni laini. Nikanunua mpya. WhatsApp nikaiacha kwenye namba ya zamani, si ndiyo iko kwenye magunia? Kisha, kwa akili zangu timamu, nikawatumia wateja wote humohumo namba mpya ya kunipigia. Robo saa haikuisha. Meseji ya kwanza kabisa kwenye laini mpya: "Hongera." Nilicheka huku nalia.

Wavuvi ninaonunua kwao hawategi sehemu moja. Nami nikatega mbili. Mdogo wangu nilimwandikia kwa WhatsApp kwamba kesho saa moja asubuhi navuka na feri ya Kamanga. Binti wa dagaa nikampigia simu ya kawaida, nikamwambia saa hiyohiyo nitakuwa stendi ya Nyegezi. Nyegezi nikamweka shemeji. Mimi nikajibanza kwa mama lishe karibu na feri, mtandio hadi puani, chapati mbili na chai ya rangi mbele yangu. Chapati ya kwanza haijaisha, huyo! Kavaa lile koti la kijivu nililomnunulia mwenyewe, anachungulia kila bajaji inayosimama. Feri ikaondoka, yeye bado kasimama anakodolea simu. Ya pili nikaila taratibu. Sijawahi kula chapati tamu vile. (Shemeji nilimsahau Nyegezi mpaka saa nne.)

Kumbe si binti, wala si mganga. Mtoto wa dada, yuko kidato cha tatu, akafungua WhatsApp yangu, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa: kuna kompyuta. Mimi sina kompyuta. Nikakumbuka siku yule mwanaume alipoazima simu yangu "aangalie matokeo ya mpira" akaingia nayo chumbani. Mtu akishaiunganisha WhatsApp yako na kompyuta yake, meseji zinaingia kule hata simu yako ikiwa imezimwa. Na mimi nilikuwa naizima kila usiku nikijiona mjanja!

Ila msikimbilie kuitoa. Nilipiga skrinshoti kwanza, ikionyesha saa iliyotumika mara ya mwisho, na meseji zake zote zenye namba na tarehe, nikazichapisha steshenari. Ile namba ngeni aliyokuwa ananitukania nilijifanya naitumia pesa. Jina likatokea kabla sijaweka namba ya siri, nikaghairi. La binamu yake. Ndipo nikaitoa ile kompyuta na kuweka uthibitishaji wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya WhatsApp yenyewe, tarakimu sita, wala si mwaka wangu wa kuzaliwa.

Kituoni wa kaunta akaniambia, "Mama, haya mambo ya mapenzi mkayamalize nyumbani." Nikauliza Dawati la Jinsia na Watoto liko wapi. Afande wa kike niliyemkuta alisoma karatasi zote bila haraka, akaniambia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamgusa mara mbili: kuingia kwenye mawasiliano yangu bila ruhusa, na kunitumia ujumbe wa vitisho. Nifungue jalada au aitwe kwanza aonywe? Nikasema jalada. Kesho yake mjomba wake alikuja Mwaloni kuniomba yaishe kifamilia. Nikamuuzia dagaa kilo mbili, bei ya rejareja.

Kwa binti nilikwenda mwenyewe hadi Igoma, na mchele na sangara mmoja mkubwa. Alipokea vyote, akaniacha niombe radhi mpaka nimalize, kisha akadai hela ya zile wiki mbili. Nikalipa.